Benzi Nyuma ya Msafara

Kikao kilikwenda vizuri mpaka kilipofika kwenye usafiri. Ng'ombe wawili wa kuchinja walikuwa wamepatikana, matarumbeta yamekubaliwa, na sare ya akina mama ilikuwa imebishaniwa mpaka watu wakachoka wenyewe. Philomena alikuwa akizungusha birika la chai kati ya viti vya plastiki uani kwake, Ngulyati, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Binti yake wa pekee, Anjela, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile kanisani Bariadi mjini, na mama anayeozesha hana sababu ya kununa.

"Usafiri," alisema Mashimba, mwenyekiti wa kamati, akifunua daftari. Huyu Mashimba ni mnunuzi wa pamba, jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa tumbo na miwani ya kuning'inia shingoni. "Bibi harusi ataingia kwenye Krauni nyeupe. Inatoka Mwanza na dereva wake na maua yake. Hilo limekwisha."

Philomena alisimama, birika mkononi.

"Krauni ya nini?" aliuliza. "Baba yake ana gari."

Gari lenyewe lilikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye viti vyao, chini ya banda la mabati. Ni Benzi ya buluu iliyokolea, ya mwaka tisini, ile ndefu ambayo paa lake linanyooka mpaka nyuma kabisa na mlango wake wa nyuma unanyanyukia juu. Hakuna mwanakamati aliyegeuza shingo kuitazama. Waliotaka pa kutazama walitazama chai yao.

"Shemeji," alisema Mashimba kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, "lile gari tunaliheshimu. Lakini lile gari lina kazi yake."

Hebu tuitaje hiyo kazi, maana Mashimba aliitamka kana kwamba ni ugonjwa wa aibu. Kutoka Ngulyati mpaka Nkololo, mtu akifia hospitali, ndugu zake hawakimbilii pikapu iliyotoka kubeba magunia ya mkaa. Wanakuja kwa Maganga, mume wa Philomena. Jeneza linaingia lote ndani. Mlango wa nyuma ukishushwa unajivuta wenyewe na kujifunga taratibu, bila kubamizwa mbele ya wafiwa. Hata wakipanda watu wanne pamoja na hilo jeneza, nyuma ya gari haiinami. Inajinyanyua yenyewe ikakaa sawa. Marehemu anarudi kwao bila kurushwarushwa, hana vumbi, hana jua, amelala ndani ya gari la aina waliyokuwa wakipanda mawaziri. Na Maganga hajawahi kutoza kitu zaidi ya dizeli. Mama mzazi wa Mashimba alirudishwa kwa gari hilo miaka kumi na sita iliyopita, mvua ikinyesha, na aliyekaa kiti cha mbele akilia kwa kwikwi, paji la uso juu ya dashibodi, ni Mashimba huyu huyu wa miwani.

"Kazi gani?" Philomena aliuliza. Aliuliza makusudi.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Si mimi. Upande wa bwana harusi ndio wameomba. Wale ni watu wa Kagera, wana mambo yao. Wanasema bibi harusi hawezi kushuka kutoka kwenye gari lililobeba... unajua."

"Sijui. Malizia."

"Lililobeba maiti."

Mtu mmoja alikohoa. Maganga alikuwa amekaa pembeni juu ya kigoda chake cha ufundi, mikono katikati ya magoti. Alisema bila kuinua macho, "Tuendelee, Mama Anjela. Wakwe wakishasema wamesema."

"Na jambo moja dogo," Mashimba aliongeza, akiona njia imefunguka. "Siku hiyo wapiga picha watakuja hapa asubuhi. Tunaomba gari lisionekane. Turubai langu la kufunikia pamba lipo, nitalileta mwenyewe."

Philomena aliweka birika chini, katikati ya uwanja, akaingia ndani. Ajenda nyingine hakuzisikia, wala chai haikuzunguka tena.

*

Walipoondoka, alivuta ndoo mbili za maji, akamimina sabuni ya unga, akaanza kuosha Benzi. Haikuwa chafu. Aliiosha Jumatatu, baada ya kumrudisha marehemu mmoja wa Nkololo, na tangu hapo haikutoka bandani. Lakini mikono yake ilitaka kazi, na kama isingepata kazi ingekwenda kumkaba mtu. Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyeliosha gari hilo baada ya kila msiba. Kila mara aliinua zulia la nyuma akalianika, akapangusa kuta za ndani kwa dawa ya hospitali, akaacha milango wazi kutwa nzima mpaka harufu ya maua na jasho la wafiwa iishe. Hakuna aliyempa asante, naye hakuwahi kuidai. Sasa aliitaka, tena aliitaka yote kwa pamoja.

Maganga alikuja na kitambaa chake, akaanza kufuta taa za mbele. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na Benzi aliinunua kwa Mjerumani mmoja mtaalamu wa mashine aliyekuwa anarudi kwao. Aliuza ng'ombe kumi na wanne ili aipate, na ndugu zake wakasema amerogwa. Leo wale ng'ombe wamekufa na vitukuu vyao, lakini Benzi inawaka kwa ufunguo wa kwanza hata asubuhi ya baridi. Kilomita zimepita laki saba na injini haijawahi kufunguliwa.

"Yule tajiri wa Mwanza kapiga simu tena," alisema Maganga. "Anataka kununua. Anasema hizi hazitengenezwi tena, hata Wajerumani wenyewe sasa wanazitafuta kama dawa."

"Ndiyo hiyo unakubali wakaifunike turubai."

"Ni siku moja, mama."

"Siku moja ya nani? Ana harusi ngapi huyo mtoto?" Philomena alikamua kitambaa mpaka kikalia. "Hao watu wa Kagera walipokuja kujitambulisha, walikula kuku wangu watatu. Huyo Raymond wao alizunguka hili gari kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Alichuchumaa. Alipiga picha gari kuliko alivyompiga picha mchumba wake. Leo ndiye anayeona kinyaa?"

Maganga alifuta taa ambayo ilikuwa imekwisha takata.

"Wewe umekaa hapo kwenye kigoda, Mashimba anakuvua nguo mbele ya watu, unasema tuendelee. Mimi nakwenda huko kwao."

"Usiende. Mkwe haendewi kwa ugomvi, tena kabla ya ndoa."

"Siendi kwa ugomvi. Nakwenda na kuku."

*

Alikwenda kesho yake asubuhi, na kuku kweli, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na mfuko wa choroko. Alipanda bodaboda mpaka mjini akiwa amepanga maneno yake vizuri. Angemsalimu mama mkwe wa binti yake kwa heshima, angekabidhi alivyobeba, angekaa, halafu angemuuliza kwa utaratibu kabisa: huko kwenu wafu hujipeleka wenyewe makaburini?

Raymond alikuwa afisa ardhi wa halmashauri, na nyumba aliyopanga ilikuwa na varanda yenye vigae. Mama yake, Yusta, aliyekuja kwa ajili ya harusi, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpokea Philomena kwa mikono miwili, akamketisha kwenye sofa, akamwita dada. Akamtazama jogoo kwa furaha ya kweli. Maneno yaliyopangwa yalianza kumponyoka Philomena.

"Dada yangu," alisema hatimaye, "nimekuja kuhusu gari."

"Aa." Yusta alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hata mimi nilitaka tuonane kuhusu hilo. Raymond ameumia sana."

"Ameumia yeye?"

"Unafikiri. Tangu mwaka jana mtoto ni Benzi, Benzi. Sisi kwetu Muleba alikuwepo mnunuzi mmoja wa kahawa mwenye gari kama hilo, lile lile refu. Raymond alipokuwa mdogo alikuwa akikimbia nalo barabarani mpaka limpotee. Alipoona la kwenu alinipigia simu siku ile ile. Akasema, mama, nitaoa kwenye Benzi ndefu. Alitaka picha zake zote zipigwe humo."

Philomena alisogea ukingoni mwa sofa.

"Kamati wanasema ninyi ndio mliolikataa."

Yusta alichukua kanga iliyokuwa mapajani, akaikunja, akaikunjua. Alikuwa mtu asiyependa kusema uongo, na alikuwa ameombwa auseme.

"Anjela alikuja hapa," alisema. "Wiki mbili zilizopita, peke yake. Alipiga magoti hapo hapo ulipoweka miguu. Akaniambia, mama, nisaidieni, semeni ni ninyi msiolitaka. Nikamuuliza, unawaogopa wazazi wako? Akasema, hapana, nawapenda, ndiyo maana. Nami sikujua niseme nini. Nimemkubalia. Nisamehe, dada."

Jogoo alipigapiga mabawa sakafuni. Philomena alitoa shukrani kwa chai ambayo hakuinywa, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema njia ni ndefu. Alikuwa amekuja kama simba, na sasa alisindikizwa mpaka getini kwa kushikwa mkono kama mgonjwa. Hiyo ndiyo iliyomkata maini kuliko yote, kwamba yule mwanamke alikuwa mwema.

*

Anjela alikuwa chumbani kwake, gauni jeupe limetundikwa mlangoni ndani ya mfuko wa nailoni. Alipomwona mama yake ameingia bila kubisha, akiwa bado na vumbi la bodaboda, alijua. Alikaa kitandani akangoja.

"Nimetoka kwa mama Raymond," alisema Philomena.

"Ndiyo, mama."

"Nimekwenda kumgombeza mwanamke wa watu kwa jambo ulilolifanya wewe."

"Nisamehe."

"Sitaki nisamehe. Nataka uniambie hilo gari limekukosea nini. Limekupeleka shule. Limekupeleka chuo, Bariadi mpaka Tabora, na godoro lako na sanduku lako. Siku uliyougua malaria ya kichwa baba yako alikukimbiza nalo, na hukutikisika hata mara moja, daktari mwenyewe alisema. Umelikataa kwa kuwa limebeba watu waliokufa? Wewe umesoma. Maiti ina nini?"

"Haina kitu, mama. Najua."

"Basi?"

Anjela alitazama mikono yake, ambayo tayari ilikuwa imechorwa hina.

"Unakumbuka vile viti viwili vya nyuma?" alisema. "Vile vinavyotoka kwenye sakafu, vinavyotazama nyuma? Baba aliniambia ni vya kwangu. Nilipoanza darasa la kwanza nilikuwa nakaa huko kila siku nikitazama barabara inavyobaki. Nilikuwa naringa. Hakuna mtoto mwingine Ngulyati yote aliyekuwa na kiti kama kile. Halafu siku moja baba alimbeba marehemu, na mimi niliona jeneza likilazwa pale pale, juu ya kiti changu. Hata hivyo si mimi niliyeona vibaya. Ni wenzangu. Kesho yake niliposhuka getini, wale waliokuwa wanacheza kamba waliacha kucheza. Walishika pua."

"Watoto wana ujinga."

"Miaka saba, mama. Kila asubuhi. Nikishuka, wanaacha kucheza mpaka nipite. Dawati nilikaa peke yangu. Chakula nikikigusa hawali. Waliniita Marehemu. Hata mwalimu mmoja alicheka. Nilikuwa namwambia baba anishushie mbali, na yeye anasema, mwanangu, utatembea na wewe una Benzi?" Sauti yake ilikatika kidogo kisha ikarudi. "Nataka siku moja tu nishuke kwenye gari, watu wasinyamaze."

Philomena alikuwa amesimama. Alitafuta hasira yake aliyokuja nayo na akaikuta bado ipo, nzima, ila ilikuwa imepoteza mtu wa kumshukia. Huyu aliyekaa kitandani hakuwa na pa kupigwa.

"Nani walianza?" aliuliza.

"Ya nini sasa?"

"Nani walishika pua kwanza?"

"Wa Mashimba," alisema Anjela. "Yule mkubwa na mdogo wake. Lakini walikuwa wote, mama. Wa Yakobo, wa Ngassa, wote."

Wa Yakobo. Kaka yake Yakobo alirudishwa kwa gari lile kutoka Shinyanga, safari ya kutwa, na Yakobo akaomba dizeli alipe baadaye na hakulipa. Wa Ngassa. Watoto mapacha wa Ngassa walilazwa nyuma mle, majeneza mawili madogo sambamba, na Philomena mwenyewe ndiye aliyeyashikilia yasiteleze. Walipanda gari hilo wakilia, wakashuka wakishukuru, wakarudi majumbani kwao wakawafundisha watoto wao kushika pua. Nani mwingine aliwafundisha? Mtoto hazaliwi anajua gari la maiti. Anasikia mezani.

"Baba yako anajua?"

"Nilimwambia kabla ya kwenda kwa mama Raymond. Alisema, fanya unavyoona, mwanangu. Halafu akaenda kukaa ndani ya gari mpaka saa ya chakula."

Philomena alitoka. Maganga alikuwa bandani, amefungua boneti, anasikiliza injini ikinguruma polepole, kichwa kimeinamishwa upande. Alipomwona mkewe alizima. Philomena alitaka kumwambia kwamba angeweza kumtetea mkewe mbele ya Mashimba hata kwa neno moja, kisha akaona kwamba siku ile alikuwa akimtetea Anjela.

*

Jumamosi asubuhi Mashimba alileta turubai, limekunjwa vizuri begani kwa mpwa wake. Philomena alimkuta njiani kabla hajaingia uani. Alikuwa tayari amevaa kitenge cha sare na kilemba.

"Mwangaluka, shemeji," alisalimu Mashimba. "Leo ndiyo leo."

"Rudi nalo. Kafunike pamba yako."

"Shemeji, kamati ilikubaliana..."

"Kamati ilikunywa chai yangu. Gari halifunikwi. Mimi na Baba Anjela tutakwenda nalo kanisani, nyuma ya wote, mbali, na mpiga picha akiliona afumbe macho." Alipunguza sauti, na ilipopungua ikawa mbaya zaidi. "Na wewe, siku moja utaniambia ulikuwa unawaambia nini wanao kuhusu gari lililomzika mama yako."

Mashimba alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alirudi na turubai lake, na kwa siku nzima hakumkaribia tena, wala hakuonekana mwenye kujua alichoulizwa. Hiyo nayo ilimchoma. Ubaya uliomkalia mwanawe miaka saba, aliyeufanya hakuwa hata ameutambua.

Kwa Anjela alikwenda mwenyewe. Walikuwa wakimfunga shela.

"Tutakuja na gari letu," alimwambia. "Nyuma kabisa. Hutatuona."

Anjela alimshika mkono, akaukaza. "Nyuma kabisa, mama. Tafadhali."

*

Msafara ulitoka saa nne. Mbele ilikwenda pikapu ya matarumbeta, vijana wamesimama wakipuliza kwa mashavu yote, kisha Krauni nyeupe yenye utepe na maua, kisha Noah mbili za kamati, na basi dogo la kwaya. Maganga aliacha nafasi ndefu mpaka vumbi la ukingoni likatulia, ndipo akawasha na kuingia barabarani. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu. Mkono wake ulikwenda kwenye swichi ya taa, ukaziwasha, bila yeye kufikiri.

Ulikuwa wakati wa pamba. Watu walikuwa mashambani pande zote mbili wakichuma, na wengine barabarani na magunia, na wanawake na ndoo. Philomena aliteremsha kioo. Kutoka mbele alisikia matarumbeta, na nyuma ya matarumbeta vigelegele vikipokezana kutoka shamba hadi shamba, watu wakimshangilia bibi harusi wasiyemjua. Moyo wake ulianza kupona. Alijiambia kwamba mwanawe amepata alichokitaka, na kilichobaki ni cha watu wazima.

Kisha Benzi ilifika usawa wa wale wale waliokuwa wakishangilia, na wakanyamaza.

Ni desturi ya barabara ile. Haijaandikwa popote wala hakuna aliyeianzisha, imekuja yenyewe kwa miaka. Benzi ya Maganga ikipita taa zimewaka, watu husimama. Mwanamke wa ndoo aliitua chini. Mzee wa baiskeli alishuka, akavua kofia, akaishika kifuani. Vijana wawili wa bodaboda waliegesha pembeni wakazima pikipiki zao. Wachumaji walinyoosha migongo, mikono imelegea, na pamba waliyoishika ikabaki mikononi. Hakuna aliyepunga mkono. Walisimama kwa heshima kamili, nyuso zimeshuka, mpaka gari lipite.

"Zima taa," alisema Philomena.

Maganga alizima. Mbele zaidi kundi jingine lilikuwa likicheza ukingoni, matarumbeta yalikuwa yametoka kuwapita. Waliona Benzi, wakaacha kucheza.

"Ongeza mwendo."

"Nimeongeza." Lakini alikuwa akiendesha mwendo ule ule, taratibu, wa mtu aliyezoea kubeba kisichotakiwa kutikiswa. Alijaribu. Mguu wenyewe ulikataa.

Kwenye kona yenye kibanda cha matikiti mama mmoja mtu mzima aliinua mkono, na Maganga akasimama, maana katika barabara ile mwenye msiba husimama akipewa pole. Yule mama alikuja dirishani huku akifungua fundo la kanga yake, ambamo alikuwa na shilingi zake za rambirambi.

"Mwangaluka, mayu, mama yangu. Poleni sana," alimwambia Philomena. "Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ninaozesha. Bibi harusi ametangulia pale mbele, ni mwanangu."

Yule mama alichungulia nyuma ya gari, akaona sakafu tupu na zulia lililooshwa. Aliangalia kitenge cha Philomena, kilemba, hereni. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake.

"Lakini ni Benzi," alisema, kama anayemkumbusha. Alirudi hatua mbili, akasimama palepale alipokuwa, mikono mbele, akangoja wapite.

Gari likaondoka. Philomena aliwatazama watu waliokuwa kando ya barabara mbele yake, wakianza kunyamaza mmoja mmoja kadiri gari lilivyowakaribia. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amepanda gari hilo siku za misiba tu au na mizigo, na siku za misiba kila mtu ananyamaza, hakuna cha ajabu. Hakuwahi kukaa humo na furaha yake. Hakuwahi kufika mahali penye watu wanaocheza akaona mchezo unakufa kwa sababu yeye amefika. Aliyajua hayo sasa, kwa dakika kumi tu. Mwanawe aliyajua kwa miaka saba, na alikuwa na umri wa kucheza kamba.

Hasira ilimpanda upya, na safari hii haikuwa na jina la Mashimba wala la Yakobo. Iliwahusu wote, wenye ndoo na wenye baiskeli, watu wema wale waliosimama. Alichukia heshima yao. Alitaka kuwashukuru pia, maana ndiyo asante pekee gari lile lilikuwa limewahi kupewa, na hilo likamkasirisha zaidi.

Alitoa kichwa na bega zima nje ya dirisha, akapiga kigelegele.

Alikipiga kirefu, kikali, machoni pa watu waliovua kofia. Walishtuka. Mzee mmoja aliirudisha kofia kichwani, akaivua tena, hakujua afanye nini. Hakuna aliyemwitikia. Alivuta pumzi akapiga kingine mbele ya mashine ya kusaga, na kingine mbele ya wanawake wa kisimani, akiwakazia macho kila mmoja kama anayewadai, na machozi yakimshuka mpaka kwenye kola ya kitenge.

"Utapoteza sauti, mama," alisema Maganga. Alikuwa amewasha taa tena, zote, na honi alikuwa ameikandamiza kwa kiganja.

"Na ipotee."

Alipiga vigelegele mpaka Bariadi. Waliposhuka kanisani sauti ilikuwa imekwisha kabisa, na misa yote akina mama wenzake waliimba bila yeye.